"Mwanao yuko wapi?" Wairani waliwauliza vigogo wao, nami naleta swali hapa

Mpiga Ramli wa Ilala (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Naanza na harusi. Oktoba 2025 kilivuja kipande cha video kutoka Tehran, bila shaka wengi mmekiona kwenye magrupu ya WhatsApp. Baba anamwongoza binti yake kuingia ukumbini, hoteli ya kifahari iitwayo Espinas Palace. Bibi harusi kavaa gauni jeupe, mabega wazi, kifua nacho kimepata upepo. Mama mtu kavaa lesi, mgongo wazi. Vigelegele, simu juu, kila mtu anarekodi.

Ingekuwa harusi ya Masaki au Nyali ningesema mtoto kapendeza, nikaendelea na chai yangu. Tatizo ni huyo baba. Ni Ali Shamkhani, mwanajeshi wa siku nyingi, ambaye toka 2013 mpaka 2023 alikuwa katibu wa Baraza Kuu la Usalama wa Taifa la Iran. Maana yake ni kwamba Septemba 2022, Mahsa Amini, msichana wa miaka 22, alipokamatwa na polisi wa maadili kwa madai ya kutovaa hijabu sawasawa na kufia mikononi mwao, mzee huyu ndiye alikuwa ameshika kalamu kwenye chombo cha juu kabisa cha usalama wa nchi ile. Wasichana waliingia barabarani, wakavua mitandio na kuichoma. Kwa hesabu za mashirika ya haki za binadamu waliouawa walipita 500.

Sasa sikilizeni hili. Harusi yenyewe inaripotiwa kufanyika Aprili 2024. Mwezi huohuo, Aprili 2024, polisi wa Iran walirudi mitaani na operesheni mpya ya kusaka wasiofunika nywele, wakaiita "Noor", yaani Nuru. Huku nje binti wa muuza mboga anasukumwa ndani ya gari la polisi kwa sababu ya nywele, kule ukumbini binti wa kigogo anapigiwa makofi.

Wairani wana neno lao kwa watoto wa aina hii: *aghazadeh*. Tafsiri ya karibu ni "mwana wa bwana". Zamani lilikuwa neno la heshima, siku hizi ukimwita mtu hivyo umemtukana. Aghazadeh ndiye anayesoma Kanada, ananunua nguo Istanbul, anaweka picha za boti Instagram, halafu baba yake Ijumaa anasimama na umati kuitikia "Marg bar Amrika", Mauti kwa Marekani.

Mnamo 2018 watu wakaanzisha kampeni mtandaoni kuwauliza viongozi swali la maneno mawili tu kwa Kiajemi: *Farzandet kojast?* Mwanao yuko wapi? Kuna waliojibu, kuna waliokasirika, kuna waliojifanya intaneti imekata.

Mifano miwili nikae pembeni.

Wa kwanza, Mohammad Bagher Qalibaf, spika wa bunge toka 2020, aliyekuwa meya wa Tehran miaka kumi na mbili. Kwenye kampeni za urais za 2017 alimsulubu waziri wa elimu mbele ya kamera kwamba binti yake anaingiza nguo za watoto kutoka Italia, wakati mafundi wa Iran wanalala njaa. Alishangiliwa sana. Aprili 2022 mkewe, binti yake na mkwewe wakapigwa picha uwanja wa ndege wakitoka Uturuki na masanduku kwa masanduku. Ya nini? Vitu vya mtoto mchanga anayetarajiwa. Wairani wakaipa kashfa hiyo jina la "sismuni-gate". Sismuni ni vile vifaa ambavyo kwao bibi mzaa mama humnunulia mjukuu. Aliyeifichua akaishia mahakamani. Baadaye, 2024, ikaja kujulikana kwamba mtoto mwingine wa spika alikuwa ameomba ukaazi wa kudumu Kanada, na Kanada ikamkatalia.

Wa pili, Masoumeh Ebtekar. Vijana hamumjui. Novemba 4, 1979, wanafunzi walipouvamia ubalozi wa Marekani Tehran na kuwashikilia Wamarekani 52 kwa siku 444, yeye ndiye alikuwa msemaji wao. Wamarekani walimwita "Mary". Kiingereza chake kilikuwa safi kwa sababu utotoni aliishi Philadelphia, baba yake akisoma. Baadaye akawa makamu wa rais mara kadhaa. Mwanawe akaenda kuishi wapi? Marekani.

Sisemi kuishi Ulaya ni dhambi, nina wadogo zangu wawili huko. Nasema sheria ambayo haimpati mwana wa aliyeitunga si sheria ya dini tena. Ni sheria ya wasio na pasipoti.

Nawasilisha.

---

Kipanga Mla Vifaranga

Nimekaa paleee na karanga zangu. Ngoja waje.

---

Ustadhi wa Tandika

Mleta mada umetumwa. Kila siku Iran, Iran. Mbona hufungui uzi kuhusu wale wachungaji wa Marekani wenye ndege binafsi? Au Iran ikisimama na Wapalestina ndiyo inawauma? Hii ni vita dhidi ya Uislamu, mnaifunika kwa harusi.

---

Mpiga Ramli wa Ilala

Ustadhi, salaam aleikum. Jina langu halisi ni la Kiislamu na nimesoma madrasa Buguruni mpaka juzuu ishirini, kwa hiyo kadi hiyo ya "kutumwa" irudishe mfukoni. Wachungaji wenye ndege wafungulie uzi, nitakuja kuchangia kwa mikono miwili. Ila mchungaji wa Texas hana polisi wa kunikamata nikikataa kutoa sadaka. Tofauti hiyo ni kubwa, usiiruke.

Kwenye Surat As-Saff tunaulizwa kwa nini tunasema tusiyoyatenda. Aya haikusema "isipokuwa mkiwa mnapambana na Marekani".

---

Nyundo ya Uyole

Mkuki kwa nguruwe...

---

Aliyepita Qom

Naomba nichangie kwa utaratibu kidogo maana nchi hiyo nimeishi. Nilikwenda kusoma hawza, yaani masomo ya dini, mji wa Qom, kwenye chuo kile kinachopokea wanafunzi wa nchi za nje, Al-Mustafa. Tulikuwa Watanzania, Wakongo, Warundi, Wakomoro, tunapika ugali kwa unga wa kubahatisha. Nilikaa miaka minne. Wenyeji walinitendea wema ambao sitausahau, kwa hiyo msitarajie nije kuwatukana.

Kwanza nimsahihishe mleta mada kidogo. Watetezi wa Shamkhani walisema ile sehemu ya ukumbi ilikuwa ya wanawake, na baba aliingia kumkabidhi binti tu. Kifiqhi, yaani kwa sheria za dini, mwanamke mbele ya wanawake wenzake na maharimu zake ana nafasi ya kujipamba. Harusi za Qom kwenyewe wanawake wakiwa peke yao ukisikia ngoma utadhani uko Mburahati. Kwa hiyo mtu akisema "video inathibitisha haamini hijabu", hoja hiyo ina tundu.

Lakini mimi nilikuwa napanda teksi za kuchangia, na madereva wa Qom ni wachambuzi wa siasa kuliko maprofesa. Wao hawazungumzii nywele. Wanazungumzia riali. Mwaka wa mapinduzi, 1979, dola moja ilikuwa kama riali 70. Wakati wa makubaliano ya nyuklia 2015 ilikuwa kama 32,000. Mwaka 2025 ilivuka 1,000,000. Mwalimu mstaafu anaendesha teksi usiku. Mtu wa namna hiyo akiona ukumbi wa Espinas haulizi kama ilikuwa sehemu ya wanawake, anauliza bili kalipa nani.

Na uchungu unaongezeka kwa sababu ya ahadi yenyewe. Mapinduzi yale hayakuuzwa kwa hijabu. Yaliuzwa kwa neno *mostazafin*, ambalo nasi tunalo kwa asili ileile ya Kiarabu, mustadhaafina, waliodhoofishwa, wanyonge. Imam Khomeini aliishi Jamaran kwenye nyumba ya kupanga ambayo mpaka leo watu wanapelekwa kuiona, kiti chake cha kawaida kabisa kimefunikwa shuka jeupe. Ukiwa umelelewa na picha ile ukutani, halafu unamwona mtoto wa mwanamapinduzi anashuka na masanduku ya Istanbul, unahisi umeibiwa kitu ambacho si pesa.

Kuna kichekesho kimoja nilikikuta huko, kilianza 2017. Mtoto wa mwanasiasa mkubwa, Mohammad Reza Aref, aliyekuja kuwa makamu wa kwanza wa rais 2024, aliulizwa kwenye mahojiano siri ya mafanikio yake ya kibiashara. Akajibu ni "jeni nzuri" alizorithi pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Zhen-e khub! Basi nchi nzima ikalishika. Ukiingia duka la mikate ukaruka foleni, mtu anakuambia, "Pita, pita, wewe una jeni nzuri." Mimi Mmakonde mwenye chale nimeambiwa nina jeni nzuri kwenye foleni ya mkate wa sangak, watu wakacheka mpaka muokaji akaunguza.

---

Kipanga Mla Vifaranga

Hahahaaa jeni nzuri! Mkuu umenimaliza. Kuanzia leo mtoto wa diwani wetu namwita hivyo.

---

Binti Chake

Mimi ni mwanamke, navaa hijabu toka nina miaka saba na sijawahi kulazimishwa na polisi. Naona wanaume mmejadili mabega ya bibi harusi vya kutosha, sasa nisikilizeni.

Mtandio wangu una thamani kwa sababu ningeweza kuuvua nikaamua kutouvua. Yule msichana aliyepanda juu ya sanduku barabara ya Enghelab, Tehran, Desemba 2017, akafunga mtandio wake mweupe kwenye fimbo na kuupeperusha kimyakimya, hakuwa ananitukana mimi. Mimi ananitukana yule mwanamume anayefanya vazi langu kuwa pingu ya mtoto wa maskini, halafu mkewe mwenyewe akipanda ndege anaanza kulilegeza kabla mikanda haijafungwa.

Na msiniletee "wanawake wa ukumbini walikuwa peke yao". Sawa, nimekubali fiqhi. Basi na yule Mahsa angepewa nafasi hiyohiyo ya kutafutiwa udhuru. Kigogo anatafutiwa udhuru mpaka kwenye kitabu cha juzuu kumi. Yeye, mtoto wa mji mdogo wa Saqqez aliyekuja Tehran kutembea, alitafutiwa nini?

---

Aliyepita Qom

Dada yangu, hapo sina jibu. Hadithi ya mwanamke wa Makhzum, wa ukoo mkubwa, aliyeiba, watu wakatafuta wa kumwombea, Mtume s.a.w. akakasirika, akasema waliotangulia waliangamia kwa sababu mtukufu akiiba wanamwacha, dhaifu akiiba wanamwadhibu. Na akaapa kwamba hata Fatima binti Muhammad angeiba, angemkata mkono. Hadithi hiyo husomwa sana kwenye mimbari. Sijawahi kuisikia ikisomwa mbele ya familia ya waziri.

---

Wakili Asiye na Ofisi

Nije upande wa sheria. Mnawahukumu watoto kwa makosa ya baba zao? Mtu ana miaka thelathini, kasoma, kaamua kuishi Los Angeles, pengine hata haelewani na baba yake kisiasa. Pengine *amemkimbia* baba yake. Tukisema arudishwe tutakuwa tunafanya kilekile tunachokilaani: kumwadhibu mtu kwa damu.

Marekani yenyewe Septemba 2019 ilitoa tamko la rais la kuzuia maofisa waandamizi wa Iran *na familia zao za karibu* kuingia nchini. Aliyeumia pale ni nani? Mwanafunzi. Kigogo haendi Disneyland.

Angalieni pia kisa cha Javad Zarif, waziri wa mambo ya nje aliyeongoza mazungumzo ya nyuklia ya 2015. Watoto wake walizaliwa Marekani alipokuwa huko, wakapata uraia kwa kuzaliwa tu, bila kuomba. Mwaka 2022 bunge la Iran likapitisha sheria kwamba mwenye mtoto au mke wa uraia wa kigeni asishike nyadhifa nyeti. Ilipofika 2024 Zarif akateuliwa makamu wa rais, wahafidhina wakamwandama na sheria hiyo mpaka Machi 2025 akaachia ngazi. Je, hayo ndiyo mnayotaka?

---

Mpiga Ramli wa Ilala

Wakili, umeleta mfano mzuri mno, ila umenisaidia mimi zaidi yako.

Bunge lililomwandama Zarif spika wake nani? Qalibaf. Watoto wa Zarif walipewa uraia na hospitali waliyozaliwa. Mtoto wa Qalibaf alijaza fomu mwenyewe, mtu mzima na akili zake, akilipia ada, akiomba kuishi Kanada. Zarif katoka, Qalibaf kabaki kitini. Unaona jinsi hata sheria ya kukomesha unafiki ilivyogeuka kisu cha kukatia wapinzani? Aliyeinoa hakumgusa mwenye kiti.

Kuhusu watoto nakubaliana nawe nusu. Mtoto aliyeondoka akatafuta maisha yake, mwacheni. Simdai chochote. Namdai baba. Baba akishajua kwa macho yake kwamba mwanawe anaishi vizuri, anaswali au haswali, anavaa apendavyo na mbingu hazijaanguka, anapata wapi uso wa kumwambia binti wa mwenzake kwamba unywele mmoja ukichomoza Uislamu unazama?

---

Mswahili wa Doha

Ndugu zanguni, mie mtu wa Mombasa, Kisauni, nina mwaka wa sita hapa Qatar. Naendesha basi la skuli. Hilo la Iran nawaachia wenyewe, mie nataka kuwaambia la Afghanistan kwa sababu hili liko kwenye kioo changu kila asubuhi.

Ofisi ya kisiasa ya Taliban ilifunguliwa Doha 2013. Wakubwa wao walikuja na familia, wakakaa miaka, mazungumzo na Wamarekani yakaenda hapa hapa. Watoto walikuwa wakisoma. Msemaji wao mmoja mashuhuri, Suhail Shaheen, aliulizwa kwenye televisheni ya Uingereza 2022 kama binti zake wanasoma, akakubali kwamba wanasoma, akasema wao wanavaa hijabu. Basi! Kumbe dawa ni hijabu tu? Mbona wasichana wa Kabul na Herat walikuwa washaivaa siku nyingi na bado wakafungiwa mlango?

Basini mwangu nina wasichana wa Kiafghani. Ni watoto wa nani sijui, wala sijauliza, kazi yangu ni usukani. Mmoja asubuhi husoma kemia kwa sauti ya chini kama asomaye Qurani, ajitingisha mbele na nyuma. Hunifanya nikumbuke chuoni. Na mie humwaza mwenzake wa rika lake, binamu yake pengine, aliye kule nyumbani, ambaye darasa la sita likiisha ndio mwisho wa habari.

---

Mpiga Ramli wa Ilala

Mswahili wa Doha, asante sana kaka. Hili nililiacha makusudi nikihofia uzi kurefuka, ila umeshalifungua.

Kwa wasiofuatilia: Taliban walirudi madarakani Agosti 2021. Sekondari za wavulana zikafunguliwa Septemba, za wasichana zikaambiwa zisubiri. Machi 23, 2022 wasichana wakaambiwa njooni, wakavaa sare, wakafika, wakarudishwa siku hiyohiyo wakilia getini. Desemba 2022 vyuo vikuu navyo vikafungwa kwao. UNICEF mwezi Machi 2025 ilihesabu wasichana milioni 2.2 waliokatiwa masomo.

Na mapema 2022 watafiti wa Afghanistan Analysts Network walitoa ripoti kuhusu wakubwa wa Taliban wanaowasomesha mabinti zao Qatar na Pakistan, wengine shule za kisasa kabisa. Siyo siri. Wenyewe wanajua. Kuna kiongozi wao, Abbas Stanikzai, wakati huo naibu waziri wa mambo ya nje, Januari 2025 alisimama kwenye sherehe ya madrasa kule Khost akasema waziwazi kwamba kuwafungia wasichana ni dhulma, haina msingi kwenye sharia, ni matakwa yetu tu. Haukupita muda ikaripotiwa yuko Emirati. Mtu wa ndani, mujahidina wa miaka mingi, kasema ukweli mara moja tu, ikabidi naye apande ndege.

Huyo namtoa kwenye orodha ya wanafiki. Kachelewa, lakini kalipa.

---

Ustadhi wa Tandika

Hapo kwa Taliban siwatetei. Elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu, hilo halina mjadala. Bi Aisha alikuwa akiwafundisha maswahaba wanaume. Lakini bado nasema mnachagua. Watoto wa viongozi wetu sisi wako wapi? Wako shule za kata? Wanaumwa wanaenda zahanati ya Tandale? Si India hao! Na hao nao kila Jumapili na kila Ijumaa wako mstari wa mbele kwenye ibada, wanapewa kipaza sauti wasalimie. Mbona huko hamgusi?

---

Nyundo ya Uyole

Ustadhi leo umenena. Nakazia.

---

Mpiga Ramli wa Ilala

Ustadhi, fungua uzi. Nakuahidi like ya kwanza ni yangu.

Ila tusichanganye. Waziri wetu akimpeleka mwanawe shule ya milioni ishirini, ni aibu kwa sababu shule ya kata ni jukumu lake na ameikimbia. Bado mwanangu mimi hakatazwi kwenda hiyo ya milioni ishirini, anakatazwa na mfuko wangu. Kabul mwenye pesa na asiye na pesa wote wamekatazwa kwa tangazo la serikali, halafu aliyetoa tangazo ana mlango wa nyuma. Vyote vinanuka. Harufu ni mbili tofauti.

---

Wakili Asiye na Ofisi

Harufu ya pili inatokana na ya kwanza, mkuu. Kiongozi akishakuwa na mlango wa nyuma, iwe wa ada au wa viza, haoni tena mbele. Kama mabinti wa wakubwa wote wa Taliban kule Kandahar wangekuwa hawana pa kusoma, lile katazo lingedumu miaka yote hii? Mama zao wangekubali kulala chumba kimoja na hao wakubwa?

---

Binti Chake

Hapo sasa ndipo umesema neno. Mama zao.

---

Mchuuzi wa Kimironko

Wandugu, mimi niko Kigali, nauza vitenge na viatu. Nimesoma kimya toka mwanzo. Niseme kimoja tu.

Wasichana wa Afghanistan wengine wako huku kwetu. Kuna shule ya bweni inaitwa SOLA, ilikuwa Kabul, ya mama mmoja, Shabana Basij-Rasikh. Mama huyo utawala wa kwanza wa Taliban alikuwa mtoto, alivalishwa kama mvulana ili afike shule ya siri. Agosti 2021 Kabul ilipoanguka, akachoma kumbukumbu zote za wanafunzi wake ili wasifuatiliwe wao na wazazi wao, na video ya moto ule akaiweka mtandaoni. Halafu akawatoa, watu karibu 250, wanafunzi, walimu na familia zao, wakaja Rwanda. Shule ikaendelea.

Mimi nawaona siku moja moja. Mtu wa nchi hii anajua kuwa mkimbizi ni nini, kwa hiyo hakuna anayewakodolea macho. Ila nilivyosoma hapa habari za binti wa mkubwa anayesoma Doha, nikajiuliza: huyu wa Doha na huyu wa Kigali wote wako nje ya nchi yao, wote wanasoma kemia. Mmoja baba yake kafunga shule. Mwingine baba yake alimtoa usiku na begi moja, hajui atamwona lini. Siku moja wakikutana chuo kikuu, Kanada huko, wakakaa bweni moja, wataongea nini?

---

Mswahili wa Doha

Wataongea Kipashto au Kidari, na wataulizana nyumbani ni wapi. Hapo ndipo pagumu.

---

Aliyepita Qom

Nilikuwa na mwenyeji wangu Qom, mzee, fundi wa kukarabati mazulia, mtu wa swala tano na mguu mmoja mbovu toka vita vya Iraq vya 1980 hadi 1988. Kaka zake wawili walikufa kwenye vita vile. Picha zao ziko ukutani. Siku ya ile habari ya masanduku ya Uturuki tulikuwa kwake tunakunywa chai, mkewe akaanza kupiga kelele, "Oneni, oneni!" Mzee hakuinua kichwa kwenye zulia. Akasema, "Kwenye kikosi chetu kulikuwa na watoto wa mabwana wachache, nao walikufa kama sisi. Wale niliwaheshimu." Akaendelea kushona. Mpaka naondoka sikumsikia akiliongelea tena.

Ndiyo maana nikiona mtu anasema hii ni vita ya mabeberu dhidi ya Uislamu, namkumbuka mzee yule. Hakuwa na intaneti hata ya kutumwa.

---

Kipanga Mla Vifaranga

Karanga zimeisha na machozi yanataka kunitoka. Hii siyo nilichokuja kutafuta huku.

---

Ustadhi wa Tandika

Aliyepita Qom, Mwenyezi Mungu awarehemu kaka zake. Mimi yangu yameisha kwenye mada hii. Nimemsikia mleta mada, naenda kufungua uzi wangu kuhusu watoto wa viongozi wetu wanasoma wapi na wanatibiwa wapi. Nitaweka majina. Njooni wote, msinikimbie.

---

Mpiga Ramli wa Ilala

Tupo nyuma yako Ustadhi.

---

Ustadhi wa Tandika

Wakuu, uzi wangu umeondolewa. Umekaa hewani dakika kumi na moja. Nimeandikiwa "maudhui hayafai". Kuna aliyewahi kuchukua picha ya skrini?

---

Nyundo ya Uyole

Mimi nimewahi mpaka jina la tatu. Njoo inboksi.